Neno "Pumzika" na Wazee Wetu

Mwezi uliopita tulimsindikiza bibi yetu mmoja, mwenye umri wa miaka 81, kwenda kumwona daktari. Alijitayarisha tangu alfajiri. Alioga, akajifukiza udi, akavaa buibui lake jema, na ndani ya kipochi akatia kijikaratasi ambacho usiku wake alimwamuru mjukuu amwandikie: maradhi yake yote, moja baada ya jingine, kwani alichelea kusahau. Tulipoingia, daktari, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia vizuri na kumkaribisha kiti. Kisha akamgeukia binti yake akauliza, "Anaumwa wapi?" Binti akajibu. "Analala vyema?" Binti akajibu. "Anakula?" Binti akajibu hilo nalo, na akakosea, kwa kuwa siku hizo bibi alikuwa hali chakula cha usiku na hapakuwa na aliyegundua. Kijikaratasi kilirudi nyumbani ndani ya kipochi kama kilivyotoka. Garini tulimwuliza mbona kanyamaza. Akasema hakuna aliyemwuliza neno.

Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu ndani yake hamna mtu mbaya. Daktari hakuwa na kiburi. Binti anampenda mamake na ndiye amlishaye na kumwogesha. Nasi tuliosimama kando tuliona mambo yanakwenda kama yapasavyo kwenda, hata tulipolisikia lile jibu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiketi na wazee, wa nyumbani kwetu na wa majirani, Mji wa Kale, Majengo, Kisauni na ng'ambo ya Likoni, tukiwauliza swali ambalo twaona haya kwamba hatukuliuliza mapema: uzee mnauonaje, na sisi mnatuonaje? Majina yao hatutayataja. Mengi waliyosema yanawagusa watoto wao wenyewe, na hatukumpata hata mzee mmoja aliyetaka kumwaibisha mwanawe.

Tulikwenda tukitarajia habari za magoti na macho. Zilikuwapo, lakini zilisemwa kwa ufupi, kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Mtoto wa jicho, kisukari, presha, usingizi unaokatika saa nane za usiku na haurudi tena. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini Kilindini kwa miaka mingi alituambia kwamba moyo wake ungali na miaka 30, na kwamba kila asubuhi kioo humwonyesha mtu asiyemtambua upesi. Alicheka aliposema hivyo. Bibi mwingine alisema hajapata raha maishani kama hii ya sasa: watoto wamekua, mume alimstahi hadi alipofariki, naye leo anasali sunna zake bila kutega sikio kusikia ni nani analia. Uzee kwake ni faragha aliyoingojea miaka 50.

Kilichotushika zaidi ni neno la mzee mmoja wa Kisauni. Alisema kuwa kifo cha marika yake kimemwondolea jina. Tangu utotoni akiitwa kwa jina la utani alilopewa na wenzake chuoni, na wa mwisho aliyekuwa akimwita hivyo amezikwa mwaka jana. Waliobaki wote humwita babu, kwa mapenzi na kwa heshima. Wala hakuna tena duniani amjuaye kuwa aliwahi kuwa kijana.

Namna mtu anavyouona uzee wake si jambo dogo hata mbele ya wataalamu. Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 660 wa mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi, kwa wastani, miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Umri umo mikononi mwa Mola, na hatudai kuwa moyo mkunjufu huusogeza. Lakini swali lafaa kuulizwa: jicho hilo baya mzee hulitoa wapi, kama si katika nyuso za wanaomzunguka?

Sasa tufike kwenye lile neno. Karibu kila mzee tuliyezungumza naye alilitaja, nasi tulilisikia mara ya kwanza bila kulitilia maanani, kwa kuwa ni neno tulitumialo kila siku na kwa nia njema. Neno lenyewe ni "pumzika."

Bibi mmoja wa Majengo alizoea kukuna nazi mwenyewe. Mbuzi yake ya kukunia ni ile aliyoletewa siku za arusi yake. Alikuwa akikaa juu yake asubuhi, akakuna polepole, akakamua kasimele, akalitenga tui la pili, na nyumba nzima ikajua kwamba wali wa leo una mwenyewe. Siku moja mkono ulimteleza akajikwaruza kidole. Mkaza mwana, kwa huruma, akaichukua mbuzi akaiweka juu ya kabati. "Pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha." Tangu hapo tui huletwa la pakiti. Bibi hukaa kwenye kochi mbele ya televisheni ambayo hakuiwasha yeye, na akitaka kuinuka huulizwa anataka nini aletewe. Alitwambia kuwa mtu hupumzika kutokana na kazi. Yeye hana kazi, basi anapumzika kutokana na nini?

Mwingine, mwanamume, alikuwa ndiye mnunuzi wa samaki wa nyumba. Alijua kulitazama jicho la changu na kuyafunua matamvua ya nguru, na wauzaji walimwogopa kidogo, jambo ambalo lilimpendeza. Sasa mwanawe hupiga simu na samaki huja kwa bodaboda. Samaki wenyewe si wabaya, alikubali. Ila hajatoka nyumbani asubuhi tangu mfungo sita, na hapana amwogopaye tena.

Twaona kwamba huku ndiko kosa letu liliko. Heshima ya maneno na vitendo hatujaiacha. Watoto wa mwambao bado wanabusu mkono, bado wanasema shikamoo na kungoja marahaba, bado wanampisha mzee kiti. Tulichokiacha ni kumtaka shauri. Tunamketisha mahali pa juu, halafu mazungumzo tunayafanya chini yake, kana kwamba amekwisha kuwa picha ya ukutani. Wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini hawakukusudia wazee waliokaa kimya.

Kuna aina moja ya kimya iliyotuumiza kuisikia. Mzee mmoja alifiwa na ndugu yake, waliyeshiriki ziwa moja, na watoto wakakata shauri asiambiwe kwa kuwa moyo wake ni dhaifu. Siku zikapita, zikawa miezi. Akiuliza hali ya nduguye, huambiwa hajambo, anakusalimu. Kisha akaja mgeni kutoka Malindi, mtu wa watu asiye na habari ya siri ile, akampa mkono wa tanzia. Mzee alitueleza kuwa moyo wake haukufa kwa habari ya msiba. Kilichomkata ni kuhesabu: siku ya maziko alikuwa wapi, alikuwa akila nini, na nani aliyekaa naye mezani akijua. Alikosa kumsalia nduguye. Alikosa kuomba dua ya siku zile za mwanzo. Na tangu hapo, kila anapoambiwa fulani hajambo, hasadiki.

Tuliwauliza watoto wake, nao ni watu wema, sababu ya kufanya vile. Walisema walimwonea huruma. Tuna hakika walisema kweli.

Katika Suratul Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu anapotaja uzee wa mzazi mmoja au wote wawili, anaanza na ulimi. Anakataza hata mguno wa kuchoshwa, na anaamuru kauli ya heshima. Huzungumzwa sana ule mguno, nasi twajisifu kuwa hatuguni. Ile kauli ya heshima huzungumzwa kidogo zaidi. Tuonavyo, kauli ni pamoja na kumwambia mtu jambo lake, na kumwuliza lake.

Yapo pia mambo madogo ya mwili ambayo tukiyajua tutapunguza machungu mengi. Chukua sikio. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida hautoweki wote kwa pamoja. Hutangulia kupotea sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo herufi kama s, f, th na sh. Mzee basi husikia kwamba mtu anasema, ila maneno humfikia yamepunguka: hajui ameambiwa "fika" ama "shika". Sisi hudhani hasikii kabisa, tukapiga kelele. Kelele hukuza zile irabu alizokuwa akizisikia tangu hapo, na herufi zilizopotea hubaki zimepotea. Tena uso wa mwenye kupaza sauti hufanana na uso wa mtu aliyekasirika. Bibi mmoja aliuliza kwa utulivu, mbele ya mjukuu wake, kwa nini nyumba hii siku hizi watu wote wana hasira. Linalomfaa mzee ni kumkabili uso kwa uso penye mwanga, kupunguza redio, na kusema polepole kwa sauti ya kawaida, tena iliyo nzito kidogo. Jambo hili halina gharama, na ni wachache mno wanaolifanya.

Nyumba nazo zimebadilika. Nyumba za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa na baraza za mawe mlangoni, na mzee aliyeketi barazani na kikombe cha kahawa chungu hakuhitaji kutembelewa, kwa kuwa mji mzima ulimpitia. Alijua nani amerudi safari, nani amepata mtoto, nani hasemi na nani. Kina mama walikuwa na njia zao: ua, milango ya ndani, na kule Lamu wikio, kile chumba cha daraja kinachounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro. Leo wengi wetu tumehamia fleti. Mzee mmoja anaishi na mwanawe ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Alitutajia idadi ya vidato vya ngazi bila kufikiri: 64. Zamani akishuka kila sala, kisha mara moja kwa siku, kisha Ijumaa tu. Tangu mvua za masika hajashuka. Adhana huisikia dirishani, na msala wake umeelekea kibla kando ya mashine ya kufulia.

Imepokewa kwamba siku ya ufunguzi wa Makka, Abubakar (R.A.) alimleta babake, Abu Quhafa, mkongwe aliyekuwa kipofu, mbele ya Mtume (S.A.W.). Mtume akauliza kwa nini mzee hakuachwa nyumbani ili yeye mwenyewe amwendee. Sisi tuna wazee ghorofa ya nne, na tukifika chini ya jengo huwapigia simu kuwasalimu, kwa kuwa tuna haraka.

Kuhusu fedha tutasema kwa uangalifu, maana ni mahali penye miiba. Serikali kupitia mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa. Si fedha nyingi, lakini kwa bibi asiyewahi kushika mshahara ni zake. Tuliwakuta wasiojua kama zimeingia au hazijaingia, kwa sababu simu na nambari ya siri viko kwa mjukuu. Wengine hupokea matumizi kutoka kwa watoto walioko Dubai, Jeddah ama Uingereza, na hupewa sehemu ya kile kilichotumwa bila kuambiwa jumla yake. Hatusemi kuwa wote wanaibiwa. Wengi wanatunziwa vyema. Twasema tu kuwa bibi mmoja alitaka kutoa sadaka ya shilingi 100 na ilimbidi aeleze kwa kijana wa miaka 19 ni ya nini.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, imewataja wazee kwa haki zao: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya familia na ya dola. Mzee kwa maana ya Katiba ni aliyefikia miaka 60, yaani baadhi yetu tunaoandika hapa hatuko mbali. Kushiriki kumetajwa mwanzo, kabla ya matunzo.

Na pale mali inapokuwa kubwa kuliko shilingi 100, mambo hugeuka. Zipo nyumba ambamo vyumba vimekwisha kugawanywa kwa maneno na mwenye nyumba yu hai, anasikia. Sheria yetu haimjui mrithi wa mtu aliye hai; mirathi haifunguki ila kwa mauti. Jirani zetu wa Kilifi wanatuonyesha jambo hili linapoweza kufika. Huko, kwa miaka mingi sasa, wazee wamekuwa wakituhumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao na wengine kuuawa, na waliofuatilia visa hivyo wamesema mara nyingi kuwa nyuma ya tuhuma kuna shamba. Kaya Godoma, upande wa Ganze, imekuwa makimbilio ya wazee waliookoka. Wako wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Mvi tulizofundishwa kuwa ni haiba kwao zimekuwa hatari ya roho. Tusiseme hayo ni ya wengine. Kati ya kumwona mzee kama picha ya ukutani na kumwona kama kizuizi cha shamba kuna umbali, ni kweli, lakini njia ni ileile moja.

Haki yatulazimu kuusema na upande wa pili. Kumlea mzee ni kazi nzito, na katika nyumba zetu huwaangukia wanawake: binti aliyeacha duka lake, mkaza mwana aamkaye mara tatu usiku. Wanaume huja Ijumaa, hukaa nusu saa, hutoa maagizo. (Tumo katika hao.) Tena wapo wazee waliopatwa na maradhi ya kusahau, na hao huwezi kuwaachia moto wa gesi wala ufunguo wa mlango. Binti mmoja alilia alipotueleza kuwa mamake humwita kwa jina la shangazi aliyefariki. Hatukuwa na la kumfundisha. Yeye ndiye aliyetufundisha: kila asubuhi humwekea mamake leso mbili kitandani, amchagulie aitakayo. Mama siku nyingine hachagui. Siku nyingine huchagua, na siku hiyo huwa na furaha hadi adhuhuri.

Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa habari ya watu watatu waliomjia Mtume (S.A.W.) kuhusu jamaa yao aliyeuawa Khaybar. Abdurrahman bin Sahl, nduguye marehemu, alitangulia kusema, naye ndiye aliyekuwa mdogo wao. Mtume akamtaka ampishe mkubwa aanze. Abdurrahman ndiye aliyekuwa na uchungu zaidi, na huenda ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kusema. Hakunyimwa nafasi, aliambiwa tu asubiri zamu yake.

Tulimsimulia binti wa yule bibi yetu habari hii, na juma lililopita waliporudi kwa daktari aliketi nyuma ya mamake. Daktari alipomtazama yeye, aliinamisha macho akaonyesha kwa mkono. Ikawa kimya kidogo. Bibi akafungua kipochi, akatoa kile kijikaratasi, akakikunjua, hakukisoma. Alianza mbali sana, kwa mvua na kwa jirani aliyehama, na tulimwona daktari akiitupia saa jicho. Kisha akafika. Alisema chakula cha usiku hali, na maji baada ya magharibi hanywi, kwa sababu akila na kunywa huamka kwenda chooni, na ujia una giza, na hana pa kushika, kwa hivyo humbidi amwamshe mwanawe. Na mwanawe ana kazi asubuhi.

Hapana aliyesema neno. Daktari aliandika kwa muda mrefu.

Jioni ile aliitwa fundi atie taa kwenye ujia na chuma cha kushikia ukutani. Alitaka kukitia karibu na mlango, kama afanyavyo kwa wengine. Bibi alisimama na bakora yake, akamwambia hapana, akamwonyesha pahali penyewe, akaweka kiganja ukutani na kungoja mpaka fundi alipotia alama ya kalamu.